Farasi wa Halmashauri

Anayekuambia kwamba mtoto mlemavu ni malaika, mtazame vizuri: mara nyingi hana wake, na hana mpango wa kukusaidia kumbeba wako. Binti yangu si malaika. Ana mtindio wa ubongo, ana hasira alizozirithi kwangu, na akitaka uji anautaka sasa hivi. Alipofikisha miaka kumi na moja alikuwa bado hawezi kukaa bila kuegemezwa. Ukimweka kwenye kiti alikuwa anainamia kushoto, kwanza polepole, halafu ghafla, na usipomdaka anafika chini. Akilini hana tatizo lolote. Maneno yake hutoka kwa kuchelewa na wageni hawayashiki, lakini anayo, na habari za majirani anazijua kuliko mimi, kwa sababu analala karibu na dirisha kutwa nzima na watu husahau kwamba aliyelala naye ana masikio.

Mimi ni mzaliwa wa Bashay, kwenye vitunguu swaumu, nikaolewa huku Gitting kwenye viazi na baridi. Mume wangu ni mtu mwema asiye na maneno, kwa hiyo maneno yote ya nyumba hii nimeachiwa mimi.

Tulichokitaka kilikuwa kimoja tu, shule. Ipo shule ya msingi yenye kitengo cha watoto wenye ulemavu, si mbali sana na kwetu. Mwalimu anayekisimamia, mama wa makamo, alinieleza bila kunizungusha. "Mama, mimi nitampokea. Lakini awe anakaa mwenyewe kwenye benchi. Mlezi ninaye mmoja, na watoto si unawaona? Siwezi kutoa mtu wa kumshikilia mmoja kutwa nzima." Nilimchukia njia yote ya kurudi, na nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshakubali kwamba alisema kweli. Binti yangu alijifunza herufi kwenye mifuko ya mbolea ambayo baba yake aliigongomea ukutani kuzuia upepo. Alitaka shule kuliko chakula. Kilichomzuia ni mgongo.

Sasa, habari ya farasi. Huku kwetu kuna shamba la zamani la ngano, na mwenye shamba anafuga farasi wachache kwa ajili ya kuzungukia mipaka yake. Afisa ustawi wa jamii wetu, binti mdogo tu, mgeni wa baridi hii, alikuwa amesoma huko alikosoma kwamba kumpandisha farasi mtoto wa namna ya wangu kunamjenga mgongo. Akaipeleka hoja halmashauri. Wakamcheka, akairudisha. Baada ya tope la mlimani kushuka mtaa wa Jorodom na kuwaacha watu na viungo vilivyovunjika, ilikuwa vigumu kwa mtu yeyote kusimama kwenye kikao na kusema walemavu ni wachache. Mwishowe wakakubali: mapato ya ndani yalipie farasi wa shamba lile, yalipie mtaalamu wa mazoezi ya viungo kutoka hospitali, na mafuta ya gari la kutukusanya kila Alhamisi.

Watu walivyopokea habari hiyo, afadhali wangetupiga mawe. Mnajua huku, ukiacha shamba lile, hakuna mtu mzima anayepanda mnyama. Punda ni wa magunia na madumu ya maji, na mtu mzima akionekana juu ya punda watamsimulia mpaka kwenye msiba wake. Kwenye mashine ya kusaga mzee mmoja alisema, nami nipo na debe langu, "Ushuru wa viazi vyetu sasa unapanda farasi." Kijana wa mashine akadakia, "Wahenga walisema mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Huyu wa kwetu hata msamba wenyewe hana." Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Jirani yangu mmoja, mwanamke ninayesali naye jumuiya moja, akaniambia kwa huruma ya uongo, "Lakini dada, si ungempandisha punda tu? Mimi ninaye, nitakuazima bure."

"Punda wako ana vidonda mgongoni," nikamjibu. "Mpandishe mumeo, wafarijiane."

Hakunisemesha mpaka mavuno.

Alhamisi ya kwanza binti yangu alipiga kelele ambazo sijazisikia tangu nimzae. Farasi alikuwa jike, mwekundu, mzee, mwenye tumbo pana na harufu ya jasho na majani makavu. Walimpandisha mtoto kwa kumbeba watu wawili, wakamvalisha kofia ngumu, mmoja akamshika kiuno huku, mwingine kule, na mtunza farasi akavuta hatamu. Mtoto akakojoa kwenye tandiko. Afisa ustawi akanitazama kama anayeomba ruhusa ya kuacha. Mimi nikamwambia mwanangu, "Lia, lakini kaa." Najua lilivyosikika. Wenzangu wengine, akina mama wa watoto wengine waliokusanywa na lile gari, walisogea pembeni kidogo.

Mtaalamu alitueleza kwamba farasi akitembea, nyonga za mtoto zinatikisika kama anayetembea kwa miguu yake, na mgongo unalazimika kujikamata kila hatua. Sikumwamini. Lakini Alhamisi zilivyopita kelele zikawa kunung'unika, na kunung'unika kukawa kimya cha mtu aliye kazini. Walioshika kiuno wakahamia magotini. Wakati mahindi yanavunwa walikuwa wanatembea tu pembeni, mikono tayari, bila kumgusa. Siku niliyomwona anakata kona ya uwanja ule peke yake, mgongo umenyooka, mdomo wazi, nilifurahi mpaka nikaona aibu. Nilijificha nyuma ya gari nikafuta uso kwa khanga. Sikutaka jirani yeyote aione furaha ile akaitia jicho.

Nyumbani tulimweka kwenye kigoda kando ya ukuta, halafu mbali na ukuta. Akala chakula cha jioni amekaa. Baba yake, yule asiye na maneno, aliacha kula, akamtazama tu, akasema, "Ee." Nilienda kwa mwalimu wa kitengo nikamwambia aandae nafasi. Akaniambia nimlete Januari, shule ikifungua, amjaribu kwenye benchi.

Ikabaki kitu kimoja. Wakati wa bajeti ulikaribia, na kulikuwa na mzee mmoja kwenye kamati ya kupitisha matumizi ambaye tangu mwanzo aliita farasi anasa. Si mtu mbaya. Mzee mkubwa, mwenye heshima zake, fimbo nyeusi na kofia ya kahawia, mtu ambaye akikohoa kikao kinanyamaza. Alisema hatapitisha tena kitu asichokiona kwa macho, basi aje aone. Afisa ustawi alikuja nyumbani siku mbili kabla, hata chai hakumaliza. "Mama, mtoto wako ndiye mfano wetu. Akikaa mwenyewe mbele yake, tumepona. Tunapata mwaka mwingine, na yeye anaingia shule huku anaendelea na mazoezi." Mtaalamu alikuwa amesema wazi kwamba mgongo ule bado mchanga, ukiachwa utarudi ulikotoka. Kwa hiyo nilielewa kinachotafutwa siku ile.

Walisimamisha turubai, wakapanga viti vya plastiki, wakaleta spika ya kupigia kwaya. Mzee aliketi katikati, fimbo kati ya magoti. Watoto walipitishwa mmoja mmoja, wakashikiliwa, wakapigiwa makofi madogo ya adabu. Wangu aliwekwa wa mwisho. Nilikuwa nimemvalisha sweta jipya la bluu. Wakakubaliana kwamba akifika mbele ya turubai wale wa pembeni warudi nyuma hatua kadhaa, mzee aone mwenyewe kwamba mtoto hashikwi na mtu. Nami nikasema sawa, kwa sababu lengo lilikuwa hilo.

Hapa lazima niwaeleze jambo ambalo sote pale tulilijua na hakuna hata mmoja aliyelifikiria. Huku mzee hasalimiwi juu juu. Ukiwa na mzigo kichwani unautua. Ukiwa kwenye baiskeli unashuka. Hata bodaboda anazima pikipiki, anakanyaga ardhi, ndipo anasema shikamoo. Mtoto akimsalimia mzee akiwa juu ya mti, baba wa yeyote ana ruhusa ya kumchapa. Binti yangu nilimlea hivyo hivyo, ulemavu sikuufanya kisingizio. Tena yeye maisha yake yote amewasalimia watu kutoka chini, kitandani, mkekani, mgongoni kwangu ameinamisha kichwa, na wazee humwekea mkono utosini. Alhamisi zote uwanjani walikuwa vijana tu, wanaitana kaka na dada. Hakuwahi, tangu azaliwe, kuwa na kichwa kilicho juu ya kichwa cha mzee.

Farasi akasimama mbele ya turubai. Wa pembeni wakarudi nyuma. Mtoto alikaa. Nawaambia alikaa, mgongo umenyooka, mikono kwenye tandiko, na yule mzee alivua kofia kumtazama. Niliona macho yake yamelainika. Tulikuwa tumeshinda. Msema chochote wa shughuli ile akasema kwenye kipaza sauti, "Haya binti yetu, msalimie mgeni rasmi."

Binti yangu akatazama chini, akamwona mzee aliyeketi, chini kabisa, kichwa wazi. Uso wake ukabadilika. Akasema kitu. Mimi nilikuwa mbali kidogo lakini mimi ndiye niliyeyashika maneno yake: "Ngojeni nishuke." Mtunza farasi hakuelewa, akatabasamu, akamwitikia kwa kichwa. Na mtoto akafanya alichowaona vijana wa shamba wakifanya kila Alhamisi wakishuka kwenye farasi wao: akainama mbele, akajaribu kuvusha mguu.

Mguu haukuvuka. Alikwenda chini kwa bega, mbele ya viatu vya mzee, na nilisikia mfupa kabla sijapiga kelele. Farasi hata hakusogea. Kabla mtu hajamfikia, mwanangu alikuwa ameinua uso kutoka kwenye vumbi, damu puani, akasema kwa ule mdomo wake mzito, kila silabi:

"Shi-ka-moo mzee."

Mzee akajibu, "Marahaba, mwanangu. Marahaba."

Watu wakapiga makofi. Si wote, lakini walikuwa wengi kuliko wale wa kwanza. Mwanamke mmoja alipiga kigelegele, nadhani hakuona vizuri. Nilipita kati yao kwa viwiko.

Mfupa wa mtulinga ulikuwa umevunjika, na nyonga imeumia. Daktari alisema alale, asikalishwe, mpaka aruhusu. Nikarudi naye kwenye kitanda chake cha dirishani, na hapo ndipo sifa zilipoanza. Walikuja na sukari, na viazi kana kwamba sina, na kila aliyeingia alisema, "Dada, umelea." Yule jirani wa punda naye alikuja. "Mlemavu, lakini adabu yake inawashinda wazima." Jumapili katekista alimtaja kanisani kama mfano kwa watoto wote: hata maumivu hayakumsahaulisha heshima. Waumini wakageuka kunitazama, wanatabasamu. Mnasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wangu alifunzwa na mamaye, akafunzwa vizuri sana, na ulimwengu ukamvunja bega papo hapo. Ningeweza kuwatemea mate wote, kuanzia benchi la mbele.

Kamati ilikaa. Mzee alisimama, akasema maneno mazuri. Alisema hajawahi kuona mtoto mwenye malezi kama yule, na kwamba roho yake imeuma. Alisema mpango unaowaketisha watoto juu ya vichwa vya wazee wao, kisha ukawadondosha, si mpango wa kwetu, na kwamba mtoto kama yule anahitaji kulindwa, hahitaji kurushwarushwa juu ya mnyama. Hakuna aliyempinga. Nani ampinge mtu anayemtetea mtoto? Fedha za farasi zikahamishiwa kwenye viti mwendo. Wote waliokuwemo walitoka wakijiona wema, na nafikiri walikuwa wema kweli, na hilo ndilo linalonitia wazimu.

Afisa ustawi alikuja kuniambia. Alisimama nje ya jiko, akaanza kulia. Sikumkaribisha kiti. Nilimwacha alie amesimama mpaka akamaliza, nami nikaendelea kumenya viazi. Alikuwa amepigana kuliko sisi wote, nalijua hilo, lakini siku ile sikuwa na wema wa kumgawia mtu.

Mzee mwenyewe akatuletea kiti mwendo chetu, pamoja na mpiga picha. Kilikuwa cha mtu mzima; mwanangu angeweza kulala ndani yake kama mzigo wa kuni kwenye mkokoteni. Mzee aliingia chumbani, akavua kofia, akasimama kando ya kitanda. Akangoja. Mtoto alikuwa macho, anatazama ukuta, herufi za mifuko ya mbolea. Mpiga picha naye akangoja. Mume wangu akaanza kukohoa kwa aibu.

"Binti hajambo?" mzee akauliza mwishowe, akinigeukia mimi. "Leo hanisalimii?"

"Shikamoo mzee," nikasema mimi. "Yeye amelala."

"Mbona macho..."

"Amelala, mzee."

Alinielewa. Akavaa kofia yake, akatoka. Nilijua nimemuumiza mzee wa watu nyumbani kwangu, mgeni aliyekuja na zawadi, na sikujuta. Picha waliipiga nje, kiti kitupu na mume wangu.

Tangu siku ile mtoto hasalimii mkubwa yeyote. Walioleta sukari sasa wanasema kiti cha serikali kimempa kiburi. Sijamgombeza hata mara moja.

Bega likapona. Mgongo haukungoja. Tulimrudisha kwenye kigoda kando ya ukuta, nikamfanyisha kila kitu nilichokumbuka kwa mtaalamu, nikamkalisha hata kwenye paja langu nikimtikisa huku na huku, mimi ndiye farasi, mpaka magoti yangu yakavimba. Alikaa kidogo, akainamia kushoto. Akakaa kidogo tena. Nilienda shambani kule kumwomba mwenye shamba atuache tumtumie farasi bila malipo. Akasema baada ya ile ajali hawezi, likitokea jingine nani atajibu? Jike lile lilikuwa pale pale nyuma yake, linakula majani.

Januari nikambeba mgongoni mpaka shuleni, kwa sababu kiti mwendo kile hakipiti njia yetu yenye mawe. Mwalimu alitupokea vizuri. Alimweka kwenye benchi kati ya watoto wawili, akawaambia wampe nafasi, akanisogeza mimi mlangoni. "Usimguse, mama. Tafadhali." Akaanza kufundisha.

Mwanangu alishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Aliutazama ubao na niliona anausoma, midomo inakwenda pamoja na wenzake. Akajibu swali, mwalimu akalielewa jibu, akasema vizuri sana. Kisha bega la kushoto likaanza kushuka. Akalivuta juu. Likashuka tena. Akalivuta, jasho limemtoka usoni asubuhi ile ya baridi, na bado alikuwa anausoma ubao. Aliponitazama nilitazama kando, kwa sababu kama ningemtazama ningemkimbilia. Mtoto wa pembeni yake, aliyeambiwa atoe nafasi, akatoa zaidi. Mwanangu akaanguka kwenye ile nafasi.

Mwalimu alimwinua yeye mwenyewe. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mlete mwakani," akasema. "Akikaa, mlete. Nafasi ya mwaka huu nitampa mwingine, naomba unisamehe."

Nikambeba tena kurudi nyumbani. Ni mzito sasa, miguu yake inafika magotini kwangu. Kwenye kilima cha mwisho nilisimama kupumua, nikamsikia anaandaa maneno, kama anavyoyaandaa, kifua kinajaa kwanza.

"Mama."

"Nini?"

"Kama ningemsalimia nikiwa juu. Leo ningekaa?"

Ningeweza kumwambia Mungu anajua. Ningeweza kumwambia adabu haina hasara, kama wanavyosema wote. Mtoto yule alisikia yote dirishani, anaujua uongo kwa harufu.

"Ndiyo," nikamwambia. "Ungekaa."

Nilimweka vizuri mgongoni, nikaendelea kupanda.